Mtani wa Ofisi: Kicheko cha Mtumishi wa Serikali katika Tamthilia

Utangulizi

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni la maadili kabla ya kuwa la uhakiki. Je, mtu anayelipwa mshahara na serikali ana haki ya kuifanyia dhihaka serikali hiyo jukwaani? Na akiifanyia, kicheko chake kina thamani gani kwa mwananchi anayesubiri kwenye foleni nje ya mlango wa ofisi yake?

Wanaolijibu swali hili huwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza humshutumu mtumishi huyo kwa utovu wa shukrani. Hoja yao imo katika methali isemayo usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kundi la pili humshutumu kwa kosa lililo kinyume kabisa, yaani unafiki. Husema kwamba anakula na wakubwa mchana, kisha usiku anawachekesha wadogo ili wasahau njaa yao, na asubuhi ofisi hufunguliwa vilevile ilivyofungwa jana. Kwa kundi hili methali yake ni mtumikie kafiri upate mradi wako, ila mradi wenyewe ni wa tumbo lake tu.

Tunakusudia kuonyesha kwamba shutuma zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote mbili zinatumia mizani isiyofaa. Zinauliza mwandishi anakula wapi. Zinasahau kuuliza anamcheka nani, kama yeye mwenyewe yumo katika kicheko hicho, na ni nani atakayelipa gharama yake. Mizani inayofaa zaidi tunayo nyumbani, katika desturi ya utani. Jambo hili si la nadharia tupu kwetu. Wengi wa wanafunzi wetu wa uzamili ni walimu wa shule za upili za Kisii na Nyamira. Ni waajiriwa wa Tume ya Huduma ya Walimu na, kila mwaka, ni watunzi wa tamthilia za tamasha la maigizo. Swali hili wanaliishi.

Karani wa Paris

Mfano ulio wazi kabisa wa mtumishi mchekeshaji unapatikana Ufaransa. Georges Courteline, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Georges Moinaux, alizaliwa Tours mwaka 1858. Baba yake, Jules Moinaux, alikuwa mtunzi wa vichekesho, kwa hiyo mwana wa nyoka hakushangaza alipokuwa nyoka. Baada ya kutumika jeshini katika kikosi cha wapanda farasi, Courteline aliajiriwa kuwa karani katika idara ya serikali iliyoshughulikia mambo ya dini. Alikaa huko kwa zaidi ya mwongo mmoja, hadi mapato ya kalamu yake yalipomwezesha kuondoka mwaka 1894.

Jeshi lilimpa Les Gaietés de l'escadron (1886). Ofisi ilimpa Messieurs les ronds-de-cuir (1893), riwaya ambayo baadaye ilifanywa mchezo wa jukwaani. Jina lake linatokana na mto wa ngozi wa mviringo ambao makarani waliuweka kitini ili waweze kukaa muda mrefu bila kuumia. Mto huo ndio uliokuwa cheo chao. Afrika Mashariki tunalijua koti linaloachwa kitini ili mgeni aamini kwamba mwenyewe yumo jengoni. Paris ilikuwa na kiti kisicho na mtu wala koti, na mto tu wa kuthibitisha kwamba mtu huyo yupo katika orodha ya mishahara.

Katika riwaya hiyo yumo msimamizi wa jumba dogo la makumbusho kutoka mkoani, aliyekuja Paris kufuatilia wasia ulioachiwa jumba lake. Mali yenyewe si kitu cha kutetemesha dunia, lakini ni haki yake. Huzungushwa kutoka chumba kimoja hadi kingine, hurudi tena na tena, na kila arudipo hukuta jalada lake limekwama penginepo. Msomaji hucheka. Ni vigumu kusoma kurasa hizo katika Kisii au Nyamira bila kumkumbuka mjane anayefuatilia malipo ya uzeeni ya marehemu mumewe, au mkulima anayefuatilia hatimiliki ya shamba, ambaye wimbo anaoimbiwa una neno moja tu: kesho.

Courteline aliendelea kutunga tamthilia fupi zilizowalenga wenye mamlaka: Le commissaire est bon enfant na Le gendarme est sans pitié (zote 1899), kisha L'Article 330 (1900). Katika hii ya mwisho, raia aitwaye La Brige ameshtakiwa kwa kukiuka kifungu cha sheria kinachohusu aibu hadharani. Maonyesho makubwa ya Paris yamejengewa njia inayojiendesha, na njia hiyo inawapitisha maelfu ya watu mbele ya dirisha lake. Wanamchungulia, wanamdhihaki, wanamrushia vitu. Alipolalamika kwa wenye mamlaka hakusikilizwa, akaamua kuwaonyesha wapita njia sehemu ya mwili isiyoonyeshwa. Mahakama inakiri kwamba hoja zake ni za haki, kisha inamhukumu. Hapo ndipo kicheko kinapogeuka kuwa hoja ya kifalsafa. Tunaonyeshwa chombo kinachoweza kuitambua haki waziwazi na bado kisiitende, kwa sababu kazi yake halisi ni kujilinda.

Henri Bergson alichapisha kitabu chake kuhusu kicheko mwaka huohuo wa 1900. Kwake yeye, tunacheka tunapomwona mtu aliye hai akitenda kama mashine, na kicheko ni adhabu ndogo ambayo jamii humpa ili arudi kwenye uhai. Karani wa Courteline anaingia katika nadharia hiyo bila kusukumwa. Lakini Bergson alikiri pia kwamba ili tucheke, sharti moyo utiwe ganzi kwa muda. Tukimhurumia msimamizi wa makumbusho kupita kiasi, hatutacheka. Swali letu basi linazidi kuwa gumu: ni nani aliyetuhalalishia ganzi hiyo?

Mkuki, kisu na kicheko

Mji wa Kisii una jina jingine katika Ekegusii: Bosongo. Jina hilo hufasiriwa kuwa mahali pa Wazungu. Serikali, katika lugha ya watu wa hapa, ilipewa jina la wageni walioketi ofisini, na mtu aliyekwenda Bosongo alikwenda kwenye karatasi na amri. Mwezi Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa utawala wa Kiingereza. Historia ya Abagusii inamkumbuka Otenyo pamoja na Moraa, nabii wa kike aliyewahimiza watu wapinge utawala huo. Northcote alipona, akapanda vyeo, na miaka ya baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Ofisi ilibaki Bosongo, na watu wakalipa kwa damu na mifugo katika operesheni ya kijeshi iliyofuata.

Hatusemi kwamba mkuki wa Otenyo ulikuwa bure. Ushujaa haupimwi kwa matokeo peke yake. Tunachosema ni kwamba mkuki humpata mtu, na ofisi si mtu. Courteline naye alilijua hili. Katika riwaya yake karani aitwaye Letondu anarukwa na akili na kumuua mkuu wake kwa kisu. Msomaji angetarajia kwamba damu itaikomesha michezo ya ofisi. Haikomi. Nafasi iliyoachwa na marehemu inakuwa nafasi ya kujazwa, na ofisi inaendelea.

Hapa ndipo kicheko kinapodai nafasi yake ya kimaadili. Kicheko hakiwezi kumuua mtu, lakini kinaweza kukifikia kile ambacho mkuki haukifikii, yaani heshima ya uongo inayoizunguka ofisi. Kiti kinaogopwa kwa kuwa watu wamekubali kukiogopa. Siku watu watakapokuwa wamekicheka kwa pamoja, itakuwa vigumu kuurudia woga uleule wa jana. Dai hili ni kubwa, na halifai kukubaliwa kabla ya kulijaribu. Jaribio letu la kwanza ni la mtumishi aliyechekesha hapa Kenya.

Kicheko kinachoshuka

Graham Hyslop alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Kenya aliyesimamia muziki na maigizo. Mwaka 1957 zilichapishwa tamthilia zake mbili za Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Mwaka huohuo ilichapishwa Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, iliyokuwa imeigizwa miaka michache kabla katika Shule ya Upili ya Alliance. Historia ya tamthilia iliyoandikwa ya Kiswahili nchini Kenya haiwezi kuelezwa bila kipindi hiki. Ilianza na vichekesho, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa ofisa wa serikali.

Tuitazame tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi mwaka 1960. Tamthilia hizi zilichapwa wakati kambi za vizuizini zimejaa. Serikali iliyomwajiri mtu wa kuendeleza maigizo ndiyo iliyoajiri walinzi wa kambi. Hatudai kwamba Hyslop alikuwa na nia mbaya. Mchango wake katika utafiti wa ala za muziki za Afrika Mashariki ni wa kuheshimiwa. Lakini hatuhitaji kuihukumu nia yake ili tuuone mwelekeo wa kicheko cha zama zake. Wahakiki wa sanaa za maonyesho, akina Penina Muhando na Ebrahim Hussein miongoni mwao, wameeleza jinsi vichekesho vya wakati wa ukoloni vilivyozoea kumcheka Mwafrika: mshamba aliyefika mjini, mtumishi wa nyumbani asiyeelewa maagizo, mtu anayejaribu kuiga Uzungu akashindwa. Kicheko hicho kilishuka kutoka juu. Mtawala alikaa salama nje ya masafa yake.

Hivyo basi, kazi ya mtumishi mchekeshaji inaweza kuwa kinyume cha ushujaa. Inaweza kumfundisha mtawaliwa ajicheke mwenyewe na asimcheke anayemtawala. Aristotle alisema kwamba futuhi huiga kasoro isiyoleta maumivu. Kanuni hiyo ni nzuri hadi tutakapouliza ni nani anayesema kwamba hapana maumivu. Kama msemaji ni yule asiyeguswa, kauli yake haina ushahidi.

Chinsoni na utani

Tukitaka mizani bora, tuitafute katika jamii zilizolifikiria suala la mzaha kwa karne nyingi kabla ya kuwako jukwaa la mbao. Abagusii wana utaratibu wa staha uitwao chinsoni. Kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto wao hutengwa na heshima: baba na mwana hawafanyiani mzaha, na yako maneno yasiyotamkwa mmoja wao akiwapo. Baina ya babu na mjukuu, kinyume chake, mzaha unaruhusiwa na hata kutarajiwa. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake jambo ambalo angelimwambia baba yake angetozwa faini ya aibu. Jamii haikuupiga marufuku mzaha. Iliupa njia ya kupita.

Serikali zetu, ya kikoloni na zilizofuata, zimependa kujitambulisha kuwa baba. Mkoloni aliwaita watu wazima watoto. Baada ya uhuru picha ya kiongozi ilitundikwa ukutani mahali ambapo picha ya mzazi ingetundikwa. Katika mazingira hayo, anayeicheka serikali huonekana amevunja chinsoni, amemcheka baba yake hadharani. Naamini hiyo ndiyo sababu mzee mwenye hekima kijijini, asiyependa dhuluma hata kidogo, anaweza kuona aibu ya kweli anapomwona mwalimu kijana akimwigiza chifu kwa tumbo la mto na kofia iliyopinda. Aibu yake haipaswi kudharauliwa. Inapaswa kujibiwa.

Na jibu ni kwamba ofisi si mzazi wa mtu. Baba hachaguliwi, halipwi kwa kodi ya mwanawe, wala hastaafu ubaba. Kumpa mwenye ofisi staha ya baba ni kumpa zawadi ambayo jamii iliikusudia watu wengine. Ofisi ni chombo tulichokubaliana nacho, kama vile koo na makabila yalivyokubaliana baada ya vita au biashara. Uhusiano wa namna hiyo, kwa Waswahili na kwa jamii nyingi za Tanzania, una jina lake: utani.

Utani una masharti, na masharti hayo ndiyo mizani tunayoitafuta. Sharti la kwanza ni malipizano. Anayetania sharti akubali kutaniwa. Mtani anayekasirika amejitoa mwenyewe katika utani. Sharti la pili ni wajibu. Desturi inajulikana: msibani watani ndio wanaofika na mizaha yao, na ndio haohao wanaoshika kazi ngumu za mazishi. Mtani anayemcheka marehemu mbele ya wafiwa, kisha akaondoka kabla kaburi halijachimbwa, si mtani. Ni mtu aliyekuja kutukana msibani. Kicheko chake kilihalalishwa na jembe mkononi mwake.

Mkate wa serikali

Kwa masharti haya tunaweza kuwarudia watumishi waandishi na kuwapima upya. Courteline anafaulu katika sharti la kwanza. Alikuwa karani, aliwacheka makarani, na alipocheka uvivu alikuwa miongoni mwa wanaochekwa. Katika sharti la pili anashindwa. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba alimpa mwenzake sehemu ya mshahara ili amfanyie kazi, naye akapata nafasi ya kutunga. Kisa hicho kimerudiwa mara nyingi kwa kufurahisha. Lakini tukikitazama kutoka upande wa msimamizi wa makumbusho, furaha inapungua. Yupo Mfaransa aliyekuja ofisini kufuatilia jalada lake akakikuta kiti cha Courteline kitupu kwa sababu mwenyewe alikuwa kwake akiandika jinsi viti vilivyo vitupu. Kitabu ni kizuri, na sisi tusiomngoja tunamshukuru. Aliyemngoja hakuulizwa.

Shaaban Robert aliajiriwa na serikali ya Tanganyika tangu mwaka 1926, kwanza katika forodha, kisha katika idara nyingine, na akadumu katika utumishi kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuwa mtunzi wa vichekesho, lakini Kusadikika (1951) ina kejeli kali ya ofisi. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, na utetezi wake unageuka kuwa mashtaka dhidi ya washtaki. Mwandishi aliiweka nchi yake angani, na wengi wameona katika hilo hadhari ya mtumishi. Naona zaidi ya hadhari. Mtu aliyeshinda ofisini akiandika hati za serikali, kisha usiku akaandika hati ya mashtaka juu ya serikali zote, alikuwa na jembe mkononi. Hakumwachia mwingine kazi yake.

Euphrase Kezilahabi alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotunga Kaptula la Marx mwishoni mwa miaka ya 1970. Tamthilia hiyo inawacheka viongozi waliovaa vazi la itikadi lisiloshonwa kwa vipimo vyao. Haikuchapishwa hadi miaka ya 1990, wakati itikadi yenyewe ilikuwa imekwisha kuvuliwa. Hapa tunajifunza kwamba kicheko kilichocheleweshwa hubadilika. Kilichokuwa utani kwa walio hai huwa ukumbusho wa mazishi. Si kosa la mwandishi, bali ni sehemu ya bei.

Francis Imbuga, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, alichagua njia ya mzaha kwa makusudi. Betrayal in the City (1976) ni tamthilia ya mauaji, jela na udikteta, na bado Mulili, binamu wa mtawala, anawavunja watu mbavu. Kijana Jusper anasema kweli akiwa amejificha nyuma ya wendawazimu. Mwaka 1977 tamthilia hii iliiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa za watu weusi huko Lagos. Mwaka huohuo ulipokwisha Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini baada ya Ngaahika Ndeenda kusimamishwa. Naye Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki (1981), alikamatwa na kuzuiliwa mwaka 1982. Wako wahakiki wanaotumia ulinganisho huu kumdunisha Imbuga: wenzake walifungwa, yeye aliendelea kufundisha.

Hoja hiyo inafanya jela kuwa cheti cha ubora. Kwa mizani ya utani, tunauliza mengine. Je, Imbuga aliwacheka walio chini? Hapana; wanaochekwa ni wenye nguvu na wanaojikomba kwao, wakiwamo wasomi wa tabaka lake. Je, alishika jembe? Vizazi vya walimu alivyovifundisha vinajibu. Unafiki haupo katika kubaki kazini. Upo katika kubaki kazini bila kazi.

Walimu wa Gusii na gharama ya kicheko

Inabaki gharama, na hapo swali letu linafika nyumbani. Tamasha la maigizo la shule nchini Kenya huanzia ngazi za chini, hupanda hadi kaunti na eneo, kisha taifa. Mtunzi wa kawaida wa tamthilia ya shule ni mwalimu. Mwajiri wake ni tume ya serikali, mwamuzi wa tamasha hufanya kazi chini ya wizara, na washindi wakati mwingine hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Haishangazi basi kwamba tamthilia nyingi huanza kwa kumcheka diwani mlafi au mwalimu mkuu mfujaji, kisha hufikia tamati kwa wimbo wa kusifu sera. Mwandishi wake amelisha kundi la kwanza na la pili kwa sahani moja.

Lakini mwalimu anayekataa tamati hiyo ana tatizo ambalo Courteline hakuwa nalo. Maneno yake hayasemwi na yeye. Husemwa na mwanafunzi wa miaka kumi na sita. Mwaka 2013 tamthilia Shackles of Doom ya Shule ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kuingia tamasha la kitaifa, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru iruhusiwe. Mwezi Aprili 2025 shule hiyohiyo ilirudi na Echoes of War. Mwandishi wa zote mbili, Cleophas Malala, hakuwa mwalimu wa shule, na tamthilia hizo si futuhi. Tunazitaja kwa sababu zinaonyesha bei. Mwaka 2025 Malala mwenyewe alikamatwa, na hilo lilikuwa deni lake halali. Lakini mabomu ya machozi yalirushwa pale Nakuru wanafunzi wakiwapo, na wasichana wale walipopanda jukwaani waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.

Wimbo huo una historia inayogusa makala haya. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano iliyouandaa, kwa kutumia lahani ya Kipokomo ya kumbembelezea mtoto, iliongozwa na Graham Hyslop. Kazi ya ofisa wa maigizo wa kikoloni ikawa, miaka sitini na miwili baadaye, silaha pekee iliyobaki mikononi mwa wasichana walionyimwa maigizo. Kazi ya mtumishi huishi kuliko nia yake. Hata kicheko kilichoshuka kinaweza kuacha nyuma yake chombo ambacho walio chini watakishika na kukigeuza.

Hata hivyo, kejeli hiyo ya historia haimwondolei mwandishi wajibu. Mwalimu wa Nyamira anayeandika tamthilia ya kumcheka ofisa wa elimu atapatwa na nini? Huenda akahamishwa au akaandikiwa barua. Hayo ni yake. Lakini mwanafunzi aliyelikariri neno lile anaweza kunyimwa jukwaa baada ya miezi ya mazoezi, au kupatwa na makubwa zaidi, kwa hoja ambayo labda hakuelezwa. Mtani hamtumi mtoto wa jirani akatanie kwa niaba yake. Kutokana na hili napendekeza kanuni rahisi: mwandishi wa tamthilia ya shule ana haki ya kuhatarisha kile tu alicho tayari kukipoteza mwenyewe, na waigizaji wake wana haki ya kuambiwa mapema, pamoja na wazazi wao, wanacheka nini na kwa nini. Atakayesema kwamba maelezo hayo yatawatia woga, amekiri kwamba alikuwa akiwatumia.

Kanuni hiyo haipendekezi kimya. Mwanafunzi aliyeelewa akakubali si ngao ya mwalimu. Ni mtani kamili, na sauti yake jukwaani ina uzito ambao sauti ya kukariri haiwezi kuwa nao. Wala kanuni haiwaoshi waliorusha mabomu. Dhambi ya anayempiga mtoto haipunguzwi na uzembe wa aliyemtuma. Tunachotenganisha ni madeni mawili ambayo hasira yetu kwa serikali hutufanya tuyachanganye.

Hitimisho

Tumeuliza kama mtumishi wa serikali ana haki ya kuicheka serikali. Jibu letu ni kwamba anayo, na pengine ana haki hiyo kuliko mtu wa nje, kwa kuwa anajua jalada limelala kabati gani. Lakini ni haki ya mtani, na mtani ana madeni matatu: acheke akiwa ndani ya masafa ya kicheko chake, ashike jembe la kazi aliyoajiriwa kuifanya, na alipe mwenyewe gharama ya neno lake.

Kwa mizani hiyo, anayekosea si lazima awe yule aliyebaki ofisini. Anakosea anayewacheka wanyonge akiwa juu, anayecheka uvivu huku mwananchi akikingojea kiti chake, na anayewatanguliza watoto palipo na moto. Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili wamezoea kuuliza mwandishi ni wa tabaka gani na yuko upande gani. Maswali hayo yadumu. Tuyaongezee jingine ambalo mjane wa Nyamira angeliuliza kwanza, kabla hajatazama jukwaa: huyu anayetuchekesha, je, kesho asubuhi atakuwapo ofisini?